Kwa Bibi miembeni, Tabora: chakula kizuri, ila kivuli ndo mji unatakiwa ukinunue

Nimekula kwa Bibi tangu niko darasa la tano mpaka leo nina mtoto yuko chuo, kwa hiyo nikipaelezea pale mnivumilie maana siwezi kusema habari ya chakula peke yake nikaiacha sehemu yenyewe, na sa hizi ile sehemu ina mambo.

Kwanza kwa wageni. Ukishuka stesheni mwambie bodaboda akupeleke kwa Bibi miembeni, upande wa kuelekea Ng'ambo, buku inatosha. Bango hamna. Utaona miembe saba mikubwa imekaa kama duara lililokatika upande mmoja, katikati mchanga umefagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana, alafu pembeni banda la bati lenye mafiga matatu ya kuni na jiko moja la mkaa. Kuna viti vya plastiki vichache na mabenchi, na sisi wengine tunakaa kwenye mizizi. Mwembe wa upande wa barabara una mzizi mmoja umelainika unang'aa kama mpini wa jembe la zamani, ni watu tu wamekaa na kukaa miaka na miaka. Mimi nikifika pale naangalia kwanza kama huo mzizi una mtu.

Haya, chakula. Asubuhi kuna chai ya rangi ya tangawizi jero, na kuna chai ya asali kwa mia saba, na naomba kama uko Tabora usiache hii ya asali ukanywa ya sukari. Asali ya kwetu hii ya misitu ya miombo, nyeusi nyeusi hivi, ukiiweka ulimini inakuwa na uchungu kidogo kwa mbali alafu ndo utamu unakuja. Bibi anaiweka kwenye ndoo yenye mfuniko, anachota mwenyewe, hamwachii mtu. Sijawahi kukuta imechanganywa na sukari iliyochemshwa kama ile wanayouziana kwenye chupa za maji barabarani. Kitafunwa chapati au maandazi, ila mimi nachukua matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, anavipasha na karanga za kutwanga mpaka vinalainika. Kwa asiyejua atasema vikavu, aloweke kwenye chai avumilie dakika mbili.

Mchana kuna wali maharage 2,500, ugali na kuku wa kienyeji 6,000, na kuna ugali na nsansa ya karanga 2,000 ambayo ndo chakula cha pale hasa. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, na kila mama wa Kinyamwezi anayo namna yake, ila ya Bibi haina ule uchachu unaokwaruza koo, anaosha maji matatu, nimemwona kwa macho. Treni ya Kigoma ikishaleta mzigo unakuta dagaa na migebuka, siku hizo wahi kabla ya saa saba. Msimu wa mvua kuna uyoga. Uyoga wa Bibi siwezi kuuelezea, nendeni Januari au Februari mvua ikiwa imekolea mkaule wenyewe.

Mapungufu yapo na nayasema. Saa saba mchana huduma inakuwa taratibu sana, wasichana ni wawili na watu wako arobaini, nilishakaa dakika hamsini nasubiri wali. Choo ni kimoja, kisafi lakini kimoja. Lipa namba ipo ila mtandao ukigoma ujue unaenda kutafuta wakala, beba hela mkononi. Na kuna siku nimekuta mchanga kwenye mboga, nikamwambia Bibi, akanyanyuka akaja akaonja kwenye sahani yangu mwenyewe, akamwaga sufuria lote. Sufuria lote! Sikulipa siku ile na wala sikumwomba asinilipishe.

Kwa chakula basi nasema pazuri, bei ya watu wa kawaida, usafi upo, uharaka hamna.

Sasa kivuli. Mimi nauza vitenge pale sokoni, fremu yangu ina bati bila dari, na anayeijua Tabora anaijua Oktoba yetu. Mvua haijaanza, vumbi, jua linapiga bati mpaka vitambaa vya juu kwenye rafu vinakuwa na joto kama vimetoka kupigwa pasi. Saa nane nafunga nusu saa naenda kwa Bibi sio kwa sababu nina njaa. Ukitoka barabarani ukaingia chini ya ile miti unasikia kabisa kama mtu kakuvua kitu kichwani. Upepo unapita chini chini, majani ya mwembe ni mazito hayaachi jua lidondoke hata kidogo, na ule mchanga unavua ndala unakanyaga wa baridi. Bibi hajawahi kumuuliza mtu mbona umekaa na hujaagiza, miaka yote hiyo. Kuna wazee wanacheza bao toka asubuhi mpaka magharibi, kikombe kimoja cha kahawa, hakuna anayewafukuza. Alhamisi kikundi chetu cha vikoba kinakaa mwembe wa tatu kutoka barabarani, kasanduku katikati, tumeanza watu kumi na wawili sa hizi tuko thelathini, na hatujawahi kulipia ukumbi. Jioni watoto wanapiga chandimu kwenye ule upande ulio wazi, magoli ni ndala. Ukiwaondoa pale wataenda kucheza wapi? Tembea mtaa mzima, kila kiwanja kina ukuta, kila uchochoro umebanwa na fremu, na barabarani ni bodaboda na malori.

Na niseme hili moja langu. Baba yangu alipofariki nyumba yetu ilikuwa vyumba vitatu na kibaraza, watu wametoka Urambo, Sikonge, Nzega, hatuna pa kuwaweka. Bibi alituma mjukuu wake saa kumi na mbili asubuhi, akasema leteni mikeka huku. Siku tatu matanga yalikaa chini ya ile miembe, wanaume upande wa barabara, wanawake upande wa banda, majiko yake ndo tulipikia, na hizo siku tatu yeye hakuuza hata kikombe cha chai. Nikienda kumlipa kuni akaniambia mjukuu wangu hizi kuni hazina bei. Kwa hiyo ninaposema kuhusu hii ardhi nasema kama mtu ambaye anadaiwa.

Habari yenyewe ni hii. Kile kiwanja ni cha marehemu mume wa Bibi, alikuwa mtu wa reli, alipata akiwa kazini enzi hizo mji ulikuwa bado unaishia nyuma kule. Hati ipo, ya miaka 66, kodi ya pango la ardhi inalipwa kila mwaka na risiti zote ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, nimeziona. Watoto wa Bibi wako sita, mmoja Mwanza, wawili Dar, wengine hapa hapa, na wana haki yao, sitaki mtu aje hapa aseme ni watoto wabaya. Mmoja ana mgonjwa, mwingine anasomesha, na wamekaa wamesema mali ya baba igawanywe. Ndo akaja dalali na mtu wake anayetaka kuweka sheli na fremu kumi na mbili mbele. Hela aliyotaja ni kubwa kweli kweli.

Kabla hata hawajakubaliana akaja mtu usiku, mpaka leo hatujui nani, akapiga panga alama ya msalaba kwenye miti yote saba. Nilipita asubuhi naenda sokoni nikaona. Utomvu ulikuwa umechuruzika kutoka kwenye kile kidonda mpaka kwenye mzizi wangu ule, umeanza kuganda mweusi, nzi wamejaa. Bibi alikuwa ameshaanza kukandika udongo, mti mmoja mmoja, ana ndoo ya maji na udongo wa kichuguu, anakandika kama anampaka mtoto dawa. Sikuweza kumsalimia. Nikaweka mzigo wangu chini nikasaidia miwili ya mwisho.

Hapo ndo mtaa ukaanza kuongea. Mwenyekiti akaitisha mkutano, na hoja iliyotoka ni kwamba tuiombe manispaa ikinunue kile kiwanja kibaki eneo la wazi la watu wote. Diwani alikuwepo akasema atalipeleka, na sa hizi ndo linajadiliwa, hakuna kilichoamuliwa.

Nilikuwa sielewi mambo haya ya ardhi hata kidogo. Mwanangu wa pili anasoma Chuo cha Ardhi hapa hapa Tabora, nikamkalisha chini anieleze kama anamweleza mtu hajui kusoma. Akaniambia mama, kwanza ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndo mdhamini, anachomiliki Bibi ni haki ya kuitumia kwa miaka ile iliyoandikwa kwenye hati pamoja na vilivyopo juu yake. Hiyo ni Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999. Lakini sheria hiyo hiyo inasema haki yake ina thamani, na ikichukuliwa kwa ajili ya umma alipwe fidia kamili, ya haki na ya haraka. Nikamwambia basi si rahisi, manispaa ndo mamlaka ya upangaji, wakae na ramani yao wapake rangi ya kijani pale waandike eneo la wazi, kazi imeisha. Akanikatalia mama yake mzazi. Akasema ukipaka kijani juu ya kiwanja chenye hati ya mtu bila kumlipa umemnyang'anya, hata kama hujagusa ukuta wake, sababu hawezi tena kujenga, hawezi kuuza kwa bei ya maana, na kodi ya pango anaendelea kudaiwa. Nikanyamaza. Nilikuwa nataka miti ibaki na sikuwa nimefikiria kabisa kwamba nilikuwa nataka ibaki kwa hasara ya Bibi.

Kwa hiyo njia ziko mbili. Moja ni ya kutwaa, kuna sheria ya utwaaji ya mwaka 1967, Rais ndo mwenye mamlaka ya kuchukua kwa manufaa ya umma, hapo anakuja mthamini anahesabu thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, anaongeza posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida aliyopoteza mwenye biashara. Miti ya matunda inahesabiwa mmoja mmoja. Nikauliza kivuli kinahesabiwa kwenye safu gani? Kijana akacheka akasema hiyo safu haipo mama. Njia ya pili ni kukaa mezani kama watu, familia inauza kwa hiari na manispaa inanunua, mnapatana bei, mnaandikishana. Mimi niko kwenye hii ya pili kabisa, na nimesema kwenye mkutano nikiwa nimesimama. Kutwaa kunaacha kinyongo, na pale ni mahali pa kukalia misiba yetu na kuchezea watoto wetu, hapatakiwi pawe na mtu mmoja mtaani anapita anageuza uso pembeni.

Ila hata hiyo ya hiari ina ngazi zake. Mume wa Bibi alifariki bila mirathi kufunguliwa, kwa hiyo lazima kwanza familia ikae, wateue mtu, mahakama imthibitishe awe msimamizi wa mirathi, bila hapo hamna anayeweza kusaini kuuza, si kwa manispaa na si kwa mtu wa sheli. Dalali hakuwaambia hili. Na kile kiwanja matumizi yake kwenye hati ni makazi, ukitaka sheli unaomba kubadilisha matumizi, alafu NEMC, baraza la taifa la mazingira, nao lazima waangalie athari za mazingira. Hili nalo dalali hakulisema, alikuwa anaongea kama vile Ijumaa mnasaini Jumatatu matangi yanashushwa. Kwa hiyo familia msiwe na haraka jamani, ile hela iliyotajwa bado ni maneno ya mdomoni.

Kwenye mkutano kuna kaka mmoja fundi pikipiki alisimama akasema neno ambalo mpaka leo linanisumbua, na nataka nilijibu kwa heshima maana alisema kweli. Alisema zahanati yetu wagonjwa wanakaa sakafuni, shule watoto wanabanana dawati moja wanne, na nyie mnataka hela ya manispaa ikanunue kivuli. Watu wengine wakamzomea, ilikuwa vibaya kumzomea. Hela ya manispaa sio nyingi, mapato ya ndani yenyewe asilimia kumi inatakiwa iende kwenye mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, mimi mwenyewe kikundi chetu tunaiombea hiyo, na kinachobaki kinagombaniwa na kila mtu.

Jibu langu ni hili. Dawati ukikosa kununua mwaka huu utanunua mwaka kesho, litakuwa lile lile dawati. Kile kiwanja kikishapigwa zege na kuchimbiwa matangi ya mafuta, hakuna mwaka kesho. Mwembe kama ile haukui kwenye awamu moja ya diwani, wala mbili. Na si kweli kwamba pale ni kivuli tu, pale ni ukumbi wa mikutano, ni uwanja wa watoto, ni msibani, ni sehemu ya kikoba cha watu thelathini, hesabu manispaa ingejenga hivyo vyote ingetumia shilingi ngapi. Kaka tulikutana baadaye tukaongea, yeye bado anaona zahanati kwanza, ila amesema akisikia njia ya kulipa ambayo haigusi dawa atapiga kura yake upande wetu. Nimelichukua hilo.

Na njia zipo. Kijana wangu ananiambia kanuni zinaruhusu fidia isiwe hela tupu, inaweza kuwa kiwanja mbadala chenye thamani inayolingana. Manispaa ina viwanja inapima na kuuza kila siku huko pembezoni. Watoto sita wakipewa viwanja vilivyopimwa, kila mmoja na hati yake, na hela kidogo juu kwa yule mwenye mgonjwa, si wanagawana bila kukata mti? Nyingine ni kulipa kwa awamu mbili au tatu kwa mkataba wa maandishi, mwaka wa bajeti unaanza Julai, mnajipanga. Na sisi wenyewe tuchange. Vikoba vyetu, wazee wa bao, bodaboda wa pale kijiweni, wenye maduka. Haitafika bei, lakini itaonyesha tunataka kweli.

Nilijaribu kusoma wenzetu wamefanyaje. Kuna mji mmoja Marekani unaitwa Boulder, uko Colorado, mwaka 1967 wakazi walipiga kura wakajiwekea wenyewe kodi kidogo kwenye mauzo, ili mji upate hela ya kununua ardhi za watu ibaki wazi. Walijiwekea wenyewe! Sisi hatuwezi kuiga hivyo hivyo, sheria zetu za kodi ni nyingine, ila nimependa kwamba hawakumdhulumu mwenye shamba, walimlipa. Na hapa karibu, Nairobi mwaka 1989 ulitaka kujengwa mnara wa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, mama Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, akasimama akapinga, walimtukana sana, mnara haukujengwa na watu mpaka leo wanakaa kwenye zile nyasi. Ile ilikuwa tayari ni ya umma na bado ilibidi ipiganiwe. Yetu hata ya umma bado haijawa.

Alafu Ujiji, kule Kigoma. Nimeshafika Ujiji mara mbili, pale kwenye kumbukumbu, wanakuonyesha miembe wanakwambia ni ya uzao wa ule mwembe ambao Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Panatunzwa, watu wanalipa kiingilio, na ni vizuri. Hata Kwihara hapa kwetu, lile tembe alilokaa Livingstone limehifadhiwa. Mimi nafurahi historia ikitunzwa. Ila nikiwa nimesimama pale Ujiji nilijiuliza, ikiwa mwembe waliosalimiana wageni wawili siku moja unaweza kutunzwa miaka yote hii, wa kwetu uliofunika misiba ya mtaa mzima unashindikana nini? Tabora wazee wetu wanatuambia hii miembe imetokana na njia za misafara, wapagazi walikula embe wakatupa kokwa, ndo maana mji wote ulikuwa kijani. Ilikuwa. Hesabuni wenyewe barabara ya kwenu imebaki mingapi.

Mzee mmoja wa bao, ana miaka themanini na kitu, alisema kwenye mkutano kwamba TANU, chama kilichodai uhuru, walikaa hapa hapa Tabora Januari 1958 kwenye ule mkutano wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, watu karibu wapasuke, mwisho wakatoka na uamuzi wa busara, nchi ikapona. Akasema, na sisi tukae. Akakaa.

Sasa nikisema manispaa inunue sisemi ije ifanye bustani ya kisasa. Naomba hili lisikike. Msije mkanunua alafu mkaweka uzio, tailizi, sanamu ya twiga, na kijana getini anakata tiketi ya buku. Nimeona sehemu za hivyo, mtoto wa mtaani anachungulia kwenye nondo. Acheni mchanga. Wekeni bomba moja, sa hizi maji ya Ziwa Victoria tunayo mjini, wekeni vyoo viwili vya maana, taa mbili za sola, na Bibi apewe mkataba wa kupanga lile banda aendelee kupika mpaka atakapochoka mwenyewe, na wajukuu wake wapewe nafasi ya kwanza. Na iandikwe kabisa kwenye hati kwamba matumizi ni eneo la wazi, ili atakayekuja miaka ishirini mbele asipagawe na bei ya viwanja akapauza. Yule aliyepambana sana na wavamizi wa viwanja vya wazi Dar, Profesa Tibaijuka alipokuwa Waziri wa Ardhi, mnakumbuka ilivyokuwa kazi kuwatoa watu walioshajenga. Kuzuia ni rahisi kuliko kubomoa.

Wiki iliyopita nilimuuliza Bibi mwenyewe, maana kila mtu anaongea yeye kimya. Nilimkuta anachambua mchele, ameweka ungo mapajani. Nikasema shikamoo Bibi, akaitikia marahaba, mwangaluka, salamu ya kwetu ya asubuhi, kama kawaida yake hata kama ni saa kumi jioni. Nikamwambia Bibi, wewe unataka nini? Akaendelea kuchambua mpaka nikafikiri hakunisikia. Alafu akasema nataka wanangu wagawane wasigombane, na nataka hii miti inizike mimi, nisiizike mimi hii miti. Nikamuuliza kimoja kikishindikana je. Akasema mjukuu wangu, mimi sijasema vimoja vimoja.

Vile vidonda vya panga vimeanza kupona, udongo wa kichuguu umekauka ukadondoka, chini yake kuna gamba jipya la rangi ya kahawa ya maziwa. Sita vimepona vizuri. Wa saba, ule wa karibu na banda, bado unatoa utomvu kidogo na tawi moja limenyauka, kuna bwana mmoja wa kilimo aliuangalia akasema uachwe tu, usikatwe kitu, mvua ikija tutajua.

Kwa hiyo kwa anayeuliza aende au asiende, aende. Chai ya asali, matobolwa, nsansa ya karanga, na akae walau saa nzima hata akimaliza kula. Desemba embe zinadondoka kwenye bati la banda unasikia pah! watoto wanakimbia, anayewahi ndo lake, na Bibi hauzi embe hata moja.

Mkutano wa pili ni Jumamosi hii saa nne asubuhi, pale pale chini ya miembe, diwani kasema atakuja na mtu wa ardhi, na watoto wawili wa Bibi wa Dar wanafika Ijumaa kwa treni. Watu wa mtaani njooni, na yule kaka fundi pikipiki naye nimemwambia aje na lile swali lake la dawa alirudie mbele ya mtu wa ardhi. Chapati zinaisha saa tatu.